Binti Akitaka Sare, Tusimcheke



Hivi karibuni tulikaa kwenye singo ya bi harusi mmoja hapa mjini Unguja. Udi unafuka, liwa imeshalowekwa kwa marashi, mawifi wanaimba. Katikati ya mazungumzo, bi harusi akamwambia somo wake kwamba kabla ya posa kuja alikuwa ameshaweka tayari vyeti vyake, aombe kazi Zimamoto. Amemaliza Kidato cha Sita, kasoma sayansi, na kuogelea anawashinda kaka zake. Chumba kizima kikaangua kicheko. Shangazi mtu akasema, "Utazima moto wa nani, mwanangu, na wa jikoni kwako hujauwasha?"

Na sisi tulicheka. Tuliporudi nyumbani ndipo kicheko kilipotukaa vibaya.

Kwa sababu tujiulize: moto ukizuka saa nane za usiku kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, ndani yumo nani? Yumo bibi kizee ghorofani, mzazi aliye ndani ya arubaini, na wasichana waliolala bila ushungi. Gari la zimamoto haliingii kwenye vichochoro vyetu, kwa hiyo mwokozi atakuja kwa miguu, apande ngazi na agonge mlango. Akisikia sauti ya mwanamme, mwanamke wetu wa kwanza atatafuta baibui kabla ya kutafuta njia. Moshi haumsubiri.

Kanuni ya dharura tunaijua. Mwanamme akimbeba mwanamke kumtoa kwenye moto, hakuna sheikh atakayemlaumu. Lakini mtu aliyepigwa na taharuki hafanyi hesabu ya fiqhi. Anafanya alichozoea tangu utotoni. Akisikia sauti ya mwanamke mwenzake nje ya mlango, atafungua.

Polisi ni vivyo hivyo. Yapo Madawati ya Jinsia na Watoto, vipo vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini. Lakini binti aliyedhalilishwa akikaa mbele ya askari mwanamme na kuambiwa aeleze tokea mwanzo mpaka mwisho, mara nyingi hueleza nusu. Nusu ya maelezo huzaa nusu ya kesi, na nusu ya kesi humrudisha mhalifu mtaani.

Na tusisahau usiku wa Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander I karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Waliokufa walizidi 200, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Maiti zililazwa Maisara zitambuliwe. Haijapita hata mwaka, Julai 2012, ikazama MV Skagit. Waliokuwepo siku zile wanajua kazi ile ilitaka mikono ya kike: kumfunika marehemu, kumshika mama anayemtambua mwanawe, kumwosha maiti mwanamke. Mikono hiyo ilijitolea, Allah awalipe. Lakini kisiwa kisitegemee kujitolea peke yake. Kinahitaji watu waliofunzwa.

Wanazuoni wetu wametufunza maana ya fardhi kifaya. Jambo likifanywa na wachache, wengine wamesalimika. Lisipofanywa na yeyote, dhambi ni yetu sote. Kuwa na wanawake waliofunzwa kuokoa wanawake tunaliona ni jambo la namna hiyo. Wala si mambo ya kizungu. Ummu Atiyya, radhi za Allah ziwe juu yake, alitoka katika vita saba pamoja na Mtume, rehma na amani zimshukie, akiwatibu majeruhi, na ndiye aliyesimulia namna ya kumwosha binti yake Mtume alipofariki. Rubayyi bint Muawwidh na wenzake waliwanywesha maji wapiganaji na kuwarudisha majeruhi Madina. Rufaida naye hema lake la kuwauguza majeruhi lilikuwa msikitini kwa Mtume.

Basi kwa nini mabinti wenye vyeti vizuri hawaendi?

Wa kwanza kulaumiwa ni sisi, kwa kicheko chetu. Wa pili ni masharti yenyewe. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamezoea kutaka mwombaji awe hajaoa wala kuolewa na asiwe na mtoto. Sababu tunaielewa: mafunzo ni ya miezi na ni mazito. Lakini kwetu binti huolewa mapema, na sharti hili linamwambia achague sare au ndoa. Binti aliyelelewa kuiheshimu ndoa atachagua ndoa, na jeshi litamkosa yule yule liliyekuwa linamtafuta. Lingewekwa sharti la afya, na la kutokuwa mjamzito wakati wa mafunzo, lingetosha.

Tatu ni mavazi na zamu. Mzazi anataka kujua mapema: ushungi utaruhusiwa? Mwanangu atalala wapi mafunzoni? Zamu ya usiku atakuwa na mwanamke mwenziwe, au peke yake na wanaume? Atarudije nyumbani alfajiri? Polisi wa Scotland mwaka 2016 waliufanya ushungi kuwa sehemu ya sare kwa anayeutaka, ili kuwavuta wanawake wa Kiislamu. Ikiwa huko lilifikiriwa, hapa kwetu majibu ya maswali haya yaandikwe ndani ya tangazo lenyewe. Na tangazo lisibandikwe ofisini tu. Lipelekwe skuli za sekondari, vyuo vya afya na madrasa za kina mama, na aende nalo askari mwanamke mwenyewe, akae na wazazi, awajibu.

Kwa bi harusi watarajiwa tunasema hivi. Kama moyo wako uko kwenye zimamoto, polisi au gari la wagonjwa, usilifiche jambo hilo mpaka baada ya fungate. Mwambie walii wako alizungumze wakati wa posa, kama yanavyozungumzwa mahari na pa kukaa. Atajwe wazi mume kwamba kuna zamu za usiku na kuna sikukuu utakazokuwa kazini. Akikubali, umepata msaidizi. Akikataa, mmejuana mapema bila ugomvi.

Na nyinyi mama wakwe, mnaotaka mkamwana mwenye mikono myepesi jikoni, hebu fikirini mkamwana anayejua kuzuia damu isitoke, kumzalisha mama njiani, na kumtoa mtoto kwenye moshi. Huyo ni baraka ya nyumba na mtaa mzima.

Bi harusi wetu tulimpigia simu baada ya harusi. Tulimwomba radhi kwa kicheko chetu. Akatuambia mumewe ameviona vile vyeti, na hakucheka. Amemuuliza tu, "Fomu zinatoka lini?"

Allah amfungulie njia, na atuwekee wengi mfano wake. Amin.