Zambarau Yenye Kuadhibu
Na Zuberi Mwakilindi

Katika soko la majarida ya kale ya katuni nchini Marekani, thamani ya nakala haiamuliwi tena na jicho la mnunuzi pekee, bali na lebo iliyomo katika kasha gumu la plastiki ambamo nakala hufungiwa baada ya kukaguliwa. Kampuni ya CGC, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2000, hupima hali ya jarida kuanzia 0.5 hadi 10, ambapo kutu ya pini na mistari ya mgongoni huteremsha alama, na mkunjo uliobandua wino wa jalada huhesabiwa kuwa mbaya kuliko ule ulioacha wino salama.

Alama hiyo, hata hivyo, husomwa pamoja na rangi ya lebo. Buluu kwa kawaida hupewa nakala isiyokarabatiwa, ilhali kijani hupewa nakala yenye kasoro moja kubwa inayotajwa kando, ili alama ieleze hali ya sehemu zilizosalia. Mfano wake ni toleo la 181 la The Incredible Hulk, la mwaka 1974, ambamo mhusika Wolverine alijitokeza kikamilifu kwa mara ya kwanza. Kampuni ya Marvel, mchapishaji wake, ilikuwa ikichapisha katika ukurasa wa barua za wasomaji stempu za kukatwa na kukusanywa, na watoto walionunua jarida hilo kwa senti 25 walitii walivyoambiwa. Leo nakala iliyokosa kipande hicho, ambacho hakikuwa sehemu ya hadithi, huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko nakala kamili inayofanana nayo kwa jalada.

Iliyo ngumu kutetewa ni zambarau, lebo ya nakala iliyokarabatiwa, yaani iliyopakwa rangi ilipochubuka, iliyojaziwa kipande palipokosekana karatasi, au iliyopunguzwa kingo ili zionekane mpya. Hofu ya wakusanyaji ina asili yake, kwa maana muuzaji alipokuwa ndiye mkaguzi, brashi iliweza kuipa nakala hafifu sura ya kifahari bila mnunuzi kujua. Lakini lebo ikishautaja ukarabati, udanganyifu umekwisha, na bado bei huporomoka. Katika soko la michoro ya kale mambo ni tofauti: mchoro wa Salvator Mundi, unaohusishwa na Leonardo da Vinci, ulikuwa umekarabatiwa sana, tena hadharani, na bado ukauzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 450.

Kibaya zaidi ni kwamba zambarau huwachanganya fundi na mharibifu, kwa kuwa karatasi iliyokatwa kingo hairudi kamwe, ilhali kipande kilichojazwa palipokosekana karatasi kwa gundi inayoyeyuka kwa maji huweza kuondolewa. Tofauti hiyo huandikwa kwenye lebo yenyewe, kwa herufi ndogo, chini ya rangi ambayo wanunuzi wengi huishia kuitazama.