KUPUNGUZA POMBE NI KUPONA PIA!

Vijana wa Beu, wa Beni nzima na wa Butembo, tusikilizane kidogo.

Tumechoka kusikia neno lile lile: "Acha pombe kabisa, ao usirudi tena hapa." Muganga anasema hivyo. Muchungaji anasema hivyo. Hata baba nyumbani. Kijana anajaribu siku tatu, anaanguka, wanamufungia mulango. Anarudi wapi? Paka kwenye kasiksi na kanyanga.

Tuseme ukweli. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 Beni inazika watu wake. Wengi kati yetu wanakunywa ili wapate usingizi. Kuwaita walevi hakuponyeshi mutu.

Tena, "acha leo leo" inaweza kuua. Mutu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata gafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyoko, kuanguka kama mwenye kifafa. Huyo anahitaji muganga karibu yake, hapana mahubiri.

Hesabu iko wazi. Chupa kubwa ya bia, santilita 72, nguvu ya asilimia 5, inabeba karibu gramu 28 za alkoli. Mwanaume anayemaliza chupa 4 kwa siku anapita gramu 100: kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, ile ni hatari kubwa sana. Akishuka mpaka chupa 2, anaingia hatari ya katikati. Bado si salama, lakini ameshuka ngazi mbili. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikubali dawa zipimwe kwa kushuka kwa ngazi hizo. Siye tunangoja nini?

"Munawapa vijana ruhusa ya kunywa!" Hapana. Mama mwenye mimba, mutu mwenye maini yaliyoharibika, motari akiwa kazini: kwao ni sifuri. Na anayeweza kuacha kabisa, aache, tutamupigia mikono. Lakini asiyeweza leo asitupwe.

Tunaomba wakubwa wa afya Beni na Butembo: kila kituo kiulize mugonjwa anakunywa ngapi, kiandike, kimupe lengo analoweza, na kimupokee hata akianguka tena.

Na weye kijana, hesabu chupa zako wiki hii. Kama unatetemeka asubuhi mbele ya kunywa, usikate peke yako: ambia ndugu, akusindikize kwa muganga.

Aliyetoka 4 akafika 2 hajashindwa. Iko njiani. Tutembee naye!