Nyaya za Umeme na Uzito wa Neno ‘Huenda’

Mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika katika karne ya 19 kwa wanavyuoni wake na kwa mafundi wa kunakili misahafu na vitabu kwa mkono. Kazi hiyo ilidai uangalifu mkubwa, kwani nukta ikihama mahali pake, maana nayo huhama. Uangalifu wa namna hiyo ndio tunaouhitaji leo katika swali linalowatia wengi wasiwasi: je, kuishi karibu na nyaya za umeme kunadhuru afya?

Swali hili si la upuuzi, wala anayeliuliza hastahili kuchekwa. Katika muongo uliopita, Lamu iliunganishwa na gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 220 itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen. Minara yake iko bara, haikuvuka kufika Siyu. Lakini maneno huvuka bahari bila chombo. Husemwa kwamba nyaya zinatoa ‘mionzi’, na kwamba mionzi ni saratani.

Hapa ndipo lugha inapotuponza. Neno ‘mionzi’ tumelibebesha eksirei, jua, simu na sasa nyaya. Eksirei ina nguvu ya kuharibu chembe za urithi mwilini. Umeme wa nyumbani, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, hauna nguvu hiyo. Kinachozizunguka nyaya ni uga wa umeme, ambao hupunguzwa na kuta na miti, pamoja na uga wa sumaku, ambao hupenya ukuta lakini hufifia upesi kadiri mtu anavyojitenga nao.

Mnamo 1979, Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti wao wa mjini Denver, Marekani, uliodokeza uhusiano kati ya nyaya za umeme na saratani za watoto. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba watoto wanaoishi kwenye uga wa sumaku wa wastani unaozidi mikrotesla 0.3 hadi 0.4 walipatwa na saratani ya damu takriban mara mbili ya wenzao. Nyumba zenye kiwango hicho ni chache mno, na ugonjwa wenyewe ni nadra. Aidha, hakuna aliyeweza kueleza ni kwa njia gani uga dhaifu hivyo ungeleta saratani. Kuandamana kwa mambo mawili si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine.

Kwa hiyo, mwaka 2002, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka uga huo katika kundi la mambo ambayo ‘huenda’ yakasababisha saratani. Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi ngazi hizi: tumbaku ‘husababisha’, vingine ‘yaelekea’ vinasababisha, uga wa sumaku ‘huenda’ ukasababisha. Katika kundi hilo la ‘huenda’ imo pia dondoo ya jani zima la shubiri. Anayeigeuza ‘huenda’ kuwa ‘bila shaka’ anawatisha watu. Anayeigeuza kuwa ‘kamwe’ anawapumbaza. Wote wawili wamehamisha nukta.

Wakati tukibishana juu ya ‘huenda’, tusizisahau hatari zisizo na shaka. Waya uliokatika na kulala njiani huua papo hapo. Tiara ya mtoto iliyonasa kwenye nyaya, mlingoti wa chombo unaopitishwa chini yake, na umeme wa kuunganishwa kwa wizi, yote hayo ni mauti yasiyosubiri utafiti. Nayo nyumba inayokataa umeme kwa hofu ya saratani ikabaki na kibatari, haikuikimbia hatari: mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani lilishauri mafuta ya taa yasitumiwe majumbani, kwa moshi wake na ajali za moto.

Lakini lawama zisiwaangukie wananchi peke yao. Uvumi hukua pale ambapo maelezo hayapo. Mwezi Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika kifungu cha 35 ikampa raia haki ya kupata habari. Basi wajengao laini za umeme watoe ripoti zao kwa Kiswahili kinachoeleweka. Wapime uga kwenye nyumba na shule zilizo jirani na laini kubwa na kutangaza matokeo. Nao wapangaji wa miji waziweke shule mpya mbali na minara, maana kufanya hivyo mapema hakugharimu sana.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Tahadhari ya kweli huanza kwa kujua ni hatari ipi, ni kubwa kiasi gani, na ni nani anayepaswa kutueleza.