Kileo cha Mkesha na Usukani wa Asubuhi

Kila ifikapo Krismasi na Mwaka Mpya, madereva huonywa wasiendeshe magari usiku wakiwa wamelewa. Onyo hilo ni jema, lakini huisahau asubuhi. Ini, ambalo ndilo huondoa sehemu kubwa ya kileo mwilini, halina haraka: kwa watu wengi hupunguza kadiri ya miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Kahawa chungu, supu ya pilipili na maji baridi haviliharakishi. Humwamsha mlevi tu, akawa mlevi aliye macho. Basi aliyefikisha miligramu 200 saa sita ya usiku, saa kumi na mbili alfajiri angali na 110, ilhali Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha 80. Naye amelala, ameoga, anajiona mzima, na watoto wameshapanda gari kwenda kwa bibi yao. Kipimo cha pumzi kinastahili kuwapo kwenye njia kuu alfajiri hiyo, si usiku peke yake. Na nyumbani, mshika usukani aulizwe alikunywa kiasi gani na aliacha saa ngapi, wala si kama amelala.