Kilimanjaro: serikali inapima mzigo, mshiko wa mpagazi je?

Wadau, mwaka 1959 ulikuwa na mambo mawili ya barafu. Oktoba, Mwalimu Nyerere alizungumzia kuweka mwanga juu ya Kilimanjaro uvuke mipaka yetu. Desemba, nchi 12 zikasaini Mkataba wa Antaktika kule Washington: bara lile libaki la amani na sayansi. Leo hii ukitaka kupanda milima ya huko, lazima nchi yako ikupe kibali na ujue uchafu wako utarudije.

Sisi barafu yetu iko karibu na Ikweta, na sera yake imekwenda kivyake. Kwanza ilikuwa heshima ya taifa: usiku wa Uhuru, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge kileleni. Halafu hifadhi, 1973, iliyofunguliwa kwa wageni 1977. Toka hapo ni mapato, tusidanganyane. Mgeni amekuwa akilipa dola 70 kwa siku kwa kiingilio tu, na 2016 ikaongezwa VAT juu ya huduma za utalii. 2019 serikali ikaja na wazo la magari ya kamba, waongozaji na wapagazi wakapiga kelele. Agosti 2022 ikapelekwa intaneti Horombo, mita 3,720. Mtalii anarusha picha palepale, wakati sisi huku Kinyerezi mtandao unakatika ikinyesha mvua!

Sasa mpagazi. Sheria ya hifadhi inasema mzigo usizidi kilo 20, na getini kuna mizani kabisa. Safi. Lakini mshkaji mmoja wa mtaani kwetu alikwenda Moshi msimu mmoja, akabeba siku sita, akashuka akaambiwa mshahara subiri, chukua "tipu" kwanza. Tipu yenyewe ilipitia mikono mitatu kabla ya kumfikia. Kampuni siitaji.

Viwango vya malipo vimeshazungumzwa miaka mingi, kinachokosekana ni mtu wa kukagua. Na mgeni haruhusiwi kupanda bila kampuni yenye leseni, kwa hiyo serikali inazijua zote. Inashindwa nini kudai karatasi ya malipo yenye saini za wapagazi kabla ya kutoa kibali cha safari inayofuata?

Wenye ndugu Marangu na Machame, huko wanalipwaje siku hizi?