Simu za watoto wetu na zile zetu



Mara nyingi katika mikutano yetu tumewasema vijana kwa ajili ya simu. Tumesema kwamba hawasomi tena, hawasalimu, hawalali, na kwamba hata kanisani mkono mmoja uko mfukoni. Sisi tunaoandika haya tumeyasema kwa sauti kubwa kuliko wengi, kwa kuwa tumekaa darasani karibu miaka 30, na katika mafundisho ya dini karibu muda huo huo, na mtu wa namna hiyo huzoea kusikilizwa. Leo tunataka kusema jambo lingine, ambalo si rahisi kwetu.

Mwaka huu wa masomo, hapa Butembo, tuliwapa kazi ya siku 7 wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho wa ualimu, wale wanaojitayarisha kwa Mtihani wa Serikali. Kila mmoja achukue daftari dogo, na kila anaposhika simu, iwe yake, ya kaka yake au ya mama yake, aandike saa, sababu, na alichokipata humo. Tulikusudia jambo moja tu: wauone wenyewe muda wanaoupoteza, waone haya, nasi tumalize. Wengi walitupa kile walichojua tunakitaka. Waliandika kwamba simu ni mbaya na kwamba wataipunguza, tukawapa alama nzuri. Msichana mmoja hakufanya hivyo. Tumeomba ruhusa yake kabla ya kuandika, naye amekubali kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Siku zake mbili za kwanza zinafanana na za wenzake. Anashika simu kabla ya kunawa uso. Anatazama picha za wasichana wa Kinshasa na wa Ulaya, kisha anatazama sare yake iliyofuliwa jana usiku na ambayo haijakauka. Anamwandikia rafiki, anaona zile alama mbili zimegeuka rangi ya buluu, jibu haliji, na saa nzima ya kujifunza hesabu inapita akijiuliza amemkosea nini. Hayo tulikuwa tumeyasikia. Siku ya tatu akaanza kuandika mambo ambayo hatukuwa tumeyafikiri.

Aliandika juu ya mega. Ninyi mnajua jinsi ilivyo: mtu wa kipato kidogo hanunui intaneti ya mwezi, hununua ya siku moja kwa faranga alizobakiza, na saa 24 zikiisha, kilichobaki kinapotea. Basi saa nne usiku akikuta mega bado zipo, hawezi kulala na kuziacha zife. Kwake ni kama kumwaga chakula. Hapo akamtaja Mtakatifu Carlo Acutis, ambaye sisi wenyewe tulikuwa tumemweka mbele yao kama mfano tangu alipotangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025: kijana wa Milano, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, aliyejua kompyuta vizuri na kuitumia kueneza habari za miujiza ya Ekaristi, na ambaye inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa juma kwa michezo ya kompyuta. Mwanafunzi wetu hakumdharau. Aliandika tu: "Kompyuta ya Carlo ilimngoja mpaka kesho. Mega zetu hazitungoji." Kweli, katika miaka yote ya kuhubiri juu ya kiasi, hatukuwahi kuwauliza vijana hao wananunua nini, kwa bei gani, na kwa muda gani.

Kisha akaandika jambo zito zaidi. Mega za bei nafuu, alisema, ni zile za WhatsApp peke yake. Kwa mega hizo unapokea picha, sauti na maandishi ya kila mtu, lakini ukitaka kufungua gazeti au tovuti ya redio ili ujue kama habari ni ya kweli, mlango umefungwa. Uvumi unaingia nyumbani kwa faranga chache, na kuuhakikisha kunadai fedha nyingine ambazo hazipo. Tulifundishwa ualimu wakati ambapo shida ilikuwa kukosa habari. Watoto hawa hawakosi habari. Wanakosa njia ya kuzipima, na hilo hatukuwafundisha, kwa sababu sisi wenyewe hatukulijifunza.

Kwa watu wa mji huu hilo si jambo dogo. Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na ilipotangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewaua watu zaidi ya 2,200, wengi wao wa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Lakini mnakumbuka ya Desemba 2018: karibu nchi nzima ilipiga kura tarehe 30, nasi wa Beni na Butembo tukaambiwa tungoje mpaka Machi 2019, Ebola ikiwa moja ya sababu zilizotajwa. Tangu siku hiyo nani angeweza kuwazuia watu kusema kwamba ugonjwa huo ulitungwa na wanasiasa? Vituo vya tiba vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS, aliuawa hapa hapa Butembo akiwa kazini.

Msichana huyu alikuwa na miaka 11. Anakumbuka sauti moja iliyozunguka katika simu za mtaa, sauti ya mtu aliyejiita muuguzi, ikisema kwamba anayeingia kituoni hatoki. Siku hizo shangazi yake alishikwa na homa, akafichwa katika chumba cha nyuma muda wa siku nne. Ilikuwa malaria, akapona. "Lakini hatukujua kwamba ni malaria," aliandika. "Tulimficha tukidhani ni Ebola, na mimi nililala naye kitanda kimoja." Hakuongeza neno. Mstari uliofuata ulikuwa wa saa na sababu, kama mingine.

Siku ya sita alituandika sisi.

Mwaka uliopita, saa moja jioni, tulipokea kutoka kwa mtu tunayemheshimu picha ya kijana anayebeba abiria kwa pikipiki. Maandishi yaliyoiandamana yalisema kwamba huyo ndiye anayewachukua watoto mbele ya shule na kwamba wawili hawajaonekana. Juu ya ujumbe palikuwa na mishale miwili na maneno ya kwamba umetumwa mara nyingi. Alama hiyo imewekwa iwe onyo. Sisi tuliisoma kama ushahidi: ikiwa wengi wametuma, basi ni kweli. Katika mji unaopokea habari za vita kila siku, moyo wa mzazi uko tayari kuamini lolote linalotisha. Tukaituma katika kundi la chama chetu, lenye wazazi zaidi ya 100, na tukaongeza kwa mkono wetu: Wazazi, tuwe macho.

Kesho yake asubuhi kijana huyo alizungukwa na watu karibu na soko. Alikuwa amewapakia watoto wa dada yake, akiwapeleka shule. Alipigwa, pikipiki yake ikavunjwa taa na vioo, watoto wakilia kando ya barabara. Aliokolewa na mama mmoja muuza ndizi aliyemfahamu tangu utoto wake, ambaye alisimama mbele yake na kusema kwamba atakayempiga tena aanze na yeye. Hakuna mtoto aliyekuwa amepotea. Hatuwezi kujua ni nani kati ya wale waliopiga aliyeona picha kwa mkono wetu na ni nani aliyeiona kwa mkono wa mwingine, na kutojua huko hakututulizi.

Mwanafunzi wetu ni jirani wa kijana huyo, na mama yake yumo katika kundi letu. Aliandika: "Mwalimu hutukata alama tusipotaja habari tumeipata wapi. Katika kundi la wazazi yeye hakutaja."

Nasi tulifanya nini baada ya kupigwa kwa kijana? Siku ya tatu tuliandika kwamba habari ile "haikuthibitishwa". Hayo ni maneno ya mtu anayetaka kutoka chumbani bila kuonekana. Watu wanne walijibu kwa ile alama ya mikono iliyounganishwa. Ujumbe wa kwanza ulikuwa umejibiwa na zaidi ya 50.

Hatukuwa wa kwanza kuanguka hivyo. Mwaka 2018 nchini India uvumi wa namna hiyo hiyo, wa wezi wa watoto, ulipita katika simu na watu wengi wasio na hatia wakauawa na makundi yenye hasira. Wenye WhatsApp wakapunguza uwezo wa kusambaza: kuanzia Januari 2019, duniani kote, ujumbe haukuweza kupelekwa kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kupita mikono mingi hupelekwa kwa mmoja tu. Yaani mashine yenyewe ilikuwa imetufungia breki. Sisi tulituma katika kundi moja, na hilo moja lilitosha.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani tena na wazo lililoletwa katika kikao chetu cha mwisho, la kwamba wazazi wote wawanyang'anye watoto simu mpaka mtihani upite. Tulikuwa miongoni mwa waliolipigia makofi. Lakini kwa simu hizo wanafunzi wetu hutumiana picha za kurasa za vitabu ambavyo shule nyingi hazina, na mtoto aliyenyang'anywa simu huazima ya jirani na kujifunza kuficha. Tena tumekwisha kuona dawa ya kufunga kila kitu. Baada ya kura ya Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini karibu majuma matatu. Hapa kwetu uvumi haukukoma hata siku moja. Ulitembea kwa miguu, kutoka kisimani hadi sokoni, na aliyetaka kuhakikisha hakuwa na pa kuhakikishia.

Tunachokiomba ni kwamba daftari hilo la siku 7 tulichukue sisi wazazi na wanakamati kwanza, kabla ya kuwapa watoto wengine. Tuandike ni mara ngapi tumesoma ujumbe mezani, na wakati wa sala ya jioni (tusidanganyane juu ya hili), na hasa tuandike kila tulichokituma mbele: tumekipata kwa nani, na je, yeye alikiona kwa macho yake? Asiyejua asitume, hata kama habari inahusu watoto. Tungesema zaidi: hasa kama inahusu watoto, kwa maana hapo ndipo hofu yetu inapotutangulia. Na aliyekosea asahihishe katika kundi lile lile, kwa jina lake, kwa maneno yaliyo wazi, halafu asimame na kusema kwa mdomo baada ya Misa, maana wapo wasio na mega za kusoma masahihisho.

Wenzetu wawili katika kamati wanaona kwamba hilo la kusimama mbele ya watu litawavunjia wazee heshima. Tunaielewa hofu hiyo. Ndiyo iliyotufanya tungoje siku tatu. Lakini katika mafundisho tunawaambia watoto wanaojiandaa kwa kitubio kwamba aliyeiba kuku hatoshi kuungama, amrudishe kuku. Katekisimu ya Kanisa inafundisha vivyo hivyo juu ya jina la mtu: aliyemharibia mwenzake jina anadaiwa kulirekebisha. Tumelifundisha somo hilo kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba lina habari na simu. Na kuhusu heshima, watoto wanajua tayari. Limeandikwa katika daftari.

Juma lililopita tulikwenda kumwona kijana mwenyewe, pale anapongojea abiria. Taa ya pikipiki ilikuwa mpya, kioo kimoja bado hakipo. Tulimwambia kwamba picha ile ilipita mikononi mwetu, na kwamba maneno ya kuwaamsha wazazi yalikuwa yetu. Alisikiliza kwa adabu, akituita Papa Mwalimu kama wafanyavyo vijana wote. Hakusema kwamba ametusamehe, nasi hatukumlazimisha. Aliuliza kama picha yake ingali katika simu yetu. Tukajibu kwamba hapana, tuliifuta siku ile ile. Akatuomba tutazame. Tukafungua mahali pa picha, yeye akiwa amesimama kando yetu, na hapo ilikuwapo, katikati ya picha za ubatizo wa Pasaka. Tulikuwa tumefuta ujumbe, na simu ilikuwa imejiwekea picha. Tukaifuta mbele yake.

"Na zile za wengine, Papa Mwalimu?"

Tumeanza kuzitafuta, nyumba kwa nyumba, kwa wale walio katika kundi. Baadhi wanatupokea vizuri, na baadhi wanashangaa tunataka nini katika simu zao. Kufikia Jumapili iliyopita tumefika nyumba 19.