Tunda la Neno "Nimekosa"

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kukua kiroho na kuzaa matunda. Nitaanza na makosa yangu mwenyewe, maana nikianza na ya wengine mtasema nimekuja kuwahubiria.

Majira ya baridi yaliyopita, nikiwa zamu ya usiku, nilimpa mgonjwa kidonge cha presha ambacho daktari alikuwa amekisimamisha jioni ile. Chati ya dawa ilionyesha wazi. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka, sikuisoma hadi mwisho. Baada ya saa mbili presha yake ikashuka, akashikwa na kizunguzungu alipotaka kwenda msalani. Tulimlaza, tukamwita daktari, tukawa tunampima mara kwa mara, na kulipopambazuka alikuwa salama.

Hapa Uingereza muuguzi haruhusiwi kunyamaza baada ya jambo kama hilo. Mwaka 2015 NMC, baraza linalotusimamia wauguzi na wakunga, lilitoa mwongozo pamoja na baraza la madaktari juu ya wajibu wa kusema ukweli. Jambo likienda vibaya unatakiwa umwambie mgonjwa, umwombe radhi, useme utarekebishaje kama inawezekana, na umweleze kikamilifu madhara yake, ya sasa na ya baadaye. Basi asubuhi ile nikavuta kiti nikakaa karibu na kitanda. Nikamwambia, "Usiku nilikupa dawa ambayo hukupaswa kupewa. Kosa ni langu. Naomba radhi." Yule mzee akanitazama kitambo. Akasema katika umri wake wote ni watu wachache sana waliomwomba radhi bila kuongeza neno "lakini".

Nilirudi nyumbani na maneno yale, na usingizi haukuja. Kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akinidai sentensi kama ile, na huyo hakuwa mgonjwa wangu. Alikuwa mdogo wangu, tumbo moja.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipiga Kagera. Nyumba ya mama, nje kidogo ya mji wa Bukoba, haikuanguka, lakini kuta zilipasuka. Nilipomaliza shahada yangu hapa na kuanza kupata mshahara kamili, niliahidi kumjengea nyumba mpya. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyesimamia. Mimi natuma hela kwa simu, yeye ananirushia picha: msingi, kuta, lenta. Kisha picha zikakoma. Hela ya mabati nimeshatuma, mabati hayaonekani. Jirani mmoja akanitumia picha ya nyumba ikiwa wazi, nyasi zimeota ndani. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, lenye wajomba, mashangazi, hata upande wa wakwe zake, kwamba huyu kijana amekula hela ya mama yake mzazi.

Hakujibu neno. Miezi minne baadaye mama mwenyewe ndiye aliyenieleza. Alikuwa amelazwa na kufanyiwa upasuaji, na hela ya mabati ndiyo iliyolipa. Yeye ndiye aliyemkataza mwanawe asiniambie, nisije nikafadhaika peke yangu huku ugenini.

Nilifanya nini? Nilituma hela ya mabati mara ya pili. Nikaongeza na simu mpya kwa mdogo wangu. Nikamwombea kwa machozi. Neno moja tu sikulisema. Miaka miwili ikapita hivyo. Sisi tulio nje tunaujua ugonjwa huu, tusifichane: mwenye kutuma hela haombi radhi, anatuma tena.

Na miaka hiyohiyo, ukiniona kanisani ungesema nimestawi kweli. Niliongoza maombi ya akina mama wanaosali kwa Kiswahili. Nilifunga kila Jumatano. Jumapili moja nilifundisha Wagalatia sura ya 5, yale mambo tisa ambayo Paulo anayaita tunda la Roho, nikayaeleza moja baada ya jingine, na watu wakanipongeza.

Bibi yangu mzaa mama hangenipongeza. Yeye alikuwa na kibanja cha migomba, na tangu utoto alitufundisha kwamba mgomba unaweza kukudanganya. Shina moja likiachiwa machipukizi mengi, kwa mbali utaona kijani kibichi, majani mapana yanapepea, ukadhani pana neema. Ukifika hapo utakuta mkungu mdogo, ndizi nyembamba. Bibi aliyapunguza machipukizi bila huruma. Aliacha mama, mtoto na mjukuu, mengine akayang'oa. Sisi watoto tukisikitika, anasema hatulimi majani. Bwana Yesu alisema jambo hilohilo kwa mfano wa mzabibu katika Yohana sura ya 15: tawi lizaalo husafishwa lizidi kuzaa.

Bibi alikuwa mtu wa uamsho. Wenye asili ya Kagera, Uganda, Rwanda na Burundi mnawajua watu hao, wale wa Tukutendereza. Watoto wengi waliozaliwa huku hawajawahi kusikia habari zao, kwa hiyo acha nizisimulie kidogo.

Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Mwingereza aitwaye Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa wamechoka kwa ukavu wa kiroho. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba, kisha Church akarudi kwenye hospitali yake ya Gahini, Rwanda. Kazi ya Gahini haikuwa na amani. Mfanyakazi mmoja wa hospitali, Yosiya Kinuka, alikwenda Kampala kumwona Nsibambi akiwa na malalamiko yake kuhusu hali ya pale. Nsibambi hakumpa pole aliyoitarajia. Alimwelekeza aangalie dhambi iliyokuwa moyoni mwake yeye Kinuka. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, na baadaye akawa mchungaji.

Kama muuguzi, habari hii hunichoma kila mara. Uamsho ulioenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika uliota mizizi katika hospitali yenye wafanyakazi wasioelewana. Alama yake haikuwa ukubwa wa mikutano. Watu waliungama waziwazi, wakarudisha walivyoiba, wakaenda kwa waliowakosea, Mwafrika kwa Mwafrika, na Mzungu kwa Mwafrika pia, katika siku zile za ukoloni. Walikiita kutembea nuruni. Bibi alinisimulia kwamba alipookoka, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumrudishia jirani yake jembe.

Sasa njoo hapa London. Siku chache baada ya zamu ile nilishuka kituo cha Westminster nikaenda kanisa la Westminster Abbey. Sikuingia ndani, na kwa ninachotaka kuwaonyesha huhitaji kulipa kiingilio. Simama mbele ya mlango mkubwa wa magharibi, tazama juu. Kuna sanamu kumi za wafia dini wa karne ya 20, zilizozinduliwa Julai 1998. Martin Luther King yupo, Oscar Romero yupo. Wa tatu kutoka kushoto ni wa kwetu Afrika Mashariki: Janani Luwum, Mwacholi kutoka Mucwini, kaskazini mwa Uganda.

Luwum alikuwa mwalimu kijana alipookoka Januari 1948, katika uamsho uleule. Wanafunzi mnaosoma safu hii mtapenda kujua kwamba naye alikuwa mwanafunzi huku. Alisoma Canterbury, kisha miaka ya 1960 akasoma katika chuo cha theolojia cha London College of Divinity. Aliijua baridi hii tunayoilalamikia. Akarudi nyumbani, akawa askofu, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 ya mwezi huo alikamatwa. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, na watu hawakudanganyika. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa Uganda.

Huwa tunamtaja Luwum kwa ujasiri wake mbele ya rais. Nikiwa nimesimama pale chini, nikitetemeka kwa upepo, niliwaza jambo jingine. Mtu hajifunzi kusema ukweli kwa mara ya kwanza mbele ya Amin. Watu wa uamsho walizoeshwa kwanza kusema ukweli juu yao wenyewe, mbele ya mke, jirani, mwalimu mwenzao, wakisema nimekosa. Naamini ukweli ule mkubwa ulikua kutoka kwenye ukweli mdogo wa kila siku, kama mkungu unavyotoka kwenye shina lililopunguzwa.

Nikakumbuka pia kwamba mti hauli tunda lake. Mimi nilikuwa nimejipima mwenyewe kwa miaka miwili: nimefunga mara ngapi, nimefundisha mara ngapi. Lakini tunda hupimwa na mlaji. Ukitaka kujua kama una upole, muulize anayepokea simu zako ukiwa umekasirika.

Nilimpigia nikiwa palepale nje.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nilikuita mwizi mbele ya ukoo mzima. Hukuiba, ulimtibu mama. Nimekosa. Naomba unisamehe."

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Dada, mimi nilishasamehe zamani," akasema. "Ila mke wangu bado akiona jina lako kwenye simu anatoka nje."

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Uliandika kwenye grupu." Nikaelewa. Usiku ule niliandika palepale nilipomchafulia jina, bila "lakini" na bila kueleza kwamba na mimi sikuambiwa. Baba mdogo mmoja akajibu, "Yameisha hayo mwanangu, ya nini kufukua?" Namheshimu, lakini hayakuwa yameisha. Yalikuwa yameisha kwangu tu. Shemeji yangu nilimwomba radhi kwa simu yake mwenyewe, wiki mbili baadaye, alipokubali kupokea.

Nisiwadanganye kwamba yote yamepona. Bado tunaongea kwa tahadhari. Lakini mwezi uliopita nilimtaka asimamie jambo jingine, na kwa mara ya kwanza tangu nije Uingereza akaniambia, "Hapana dada, hilo siliwezi." Nilifurahi kuliko siku niliyopokea cheti cha shahada. Ndugu yangu haniogopi tena. Hilo nalihesabu kuwa tunda.

Mpendwa msomaji, naomba tufanye haya mwezi huu.

Kwanza, muulize mtu mmoja anayeishi nawe, au anayekutegemea nyumbani, swali hili: je, kuna jambo nililokukosea ambalo sijalitaja? Kisha nyamaza usikilize. Mzazi, muulize hata mtoto wako. Watoto wetu huku wanatuona tukilia kwenye ibada. Wachache wametusikia tukiwaomba radhi.

Pili, ungama kwa aliyekosewa, kwa upana uleule wa kosa. Uliyemkosea faraghani, mwendee faraghani. Uliyemwaibisha hadharani, mrudishie heshima hadharani. Si kila jambo ni la kutangazwa kanisani, na aliyeumizwa na mtu mkatili halazimiki kurudi mikononi mwake kwa jina la upatanisho.

Tatu, rekebisha. Zakayo, katika Luka sura ya 19, hakuishia kwenye furaha ya kumkaribisha Bwana, alirudisha hela. Mwanafunzi uliyewaambia wazazi kwamba unaendelea na chuo na kumbe uliacha, na bado wanauza ng'ombe kukulipia ada, tunda lako linaanza na simu moja. Ni simu nzito. Tafuta mtu mzima unayemwamini akae nawe unapoipiga.

Mathayo sura ya 5 inatuambia tuiache sadaka madhabahuni kwanza, twende tukapatane na ndugu, kisha turudi kuitoa. Kwetu tulio mbali sadaka hiyo mara nyingi ni hela ya kutuma nyumbani. Kabla hujabonyeza kutuma mwisho wa mwezi huu, angalia jina la mpokeaji. Kama kuna neno unalomdai au analokudai, lianze hilo.

Bwana awabariki. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.